Sketi ya Bibi Emiliana na Kadi Niliyoiandika Mimi

Vijana wa kikundi, barua yenu nimeipata. Mmeianza kwa shikamoo kama watoto mliolelewa, nami naipokea: marahaba. Mnasema mnataka kufungua tena kituo cha utamaduni hapa Babati, chumba mmeshapata, ngoma nne mnazo na spika moja, na sasa mnaomba mama aliyefanya kazi kwenye kile cha zamani awaandikie kurasa chache za historia yake, "za kututia moyo." Historia nitawaandikia. Moyo mtautafuta kwingine, maana wangu mwenyewe umechoka.

Nilifanya kazi pale miaka ishirini na sita. Niliingia kama mfagizi nikatoka kama mtunza vifaa, na katikati hapo nimekuwa mpishi wa wageni, mshona mapazia, mfukuza popo, na mwaka mmoja mbaya nimekuwa mcheza ngoma wa akiba, kwa sababu wachezaji wetu wa Mutuka walikuwa shambani wanavuna mbaazi na mgeni rasmi alikuwa ameshakaa kwenye kiti. Sijui kucheza. Walioniona wapo hai, waulizeni.

Jengo lenyewe lilikuwa ghala la mahindi. Mahindi yalipoacha kuletwa, lilikaa tupu na panya wake mpaka wakubwa walipoamua liwe kituo cha utamaduni. Likapakwa chokaa, likajengewa jukwaa la saruji upande mmoja, likatundikwa kibao kikubwa mlangoni. Watu wa Babati walikisoma kibao, wakaendelea kuliita Ghala. Jambo hili lilimuudhi sana mkuu wetu, Mwalimu Safari. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, shati jeupe kila siku ya Mungu, na kalamu mbili mfukoni, moja ya buluu na moja nyekundu. Ya buluu ilikuwa yake. Nyekundu ilikuwa kwa ajili ya makosa yetu.

Nianze na kazi, kwa sababu mna ngoma nne na najua mtakavyozitesa. Ngoma haiwekwi kwenye sakafu ya saruji. Saruji inavuta unyevu, ngozi inalegea, na ukiipiga inalia kama debe lenye pumba. Wekeni mbao chini yake. Msizifunike kwa nailoni, zitaota ukungu. Kabla ya kucheza zianikeni juani, uso wa ngozi ukitazama jua, mziguse kwa kiganja mara kwa mara, na zikipata joto la shavu la mtoto mwenye homa kidogo zitoeni. Sisi tulijifunza hayo siku alipokuja mgeni mkubwa kutoka mkoani wakati wa masika. Jua hakuna, ngoma zimelegea zote. Wapiga ngoma wakawasha moto wa magunzi nyuma ya jengo, wakazizunguka ngoma zao kama watu wanaochoma mahindi, na mgeni akakaa anasubiri huku Mwalimu Safari akimweleza historia ya Babati kwa mara ya tatu. Ngoma moja ilipasuka kwa moto. Mwenyewe alilia, na hakuna aliyemcheka.

Vibuyu vya maziwa havioshwi kwa maji ya bomba, vinafukizwa kwa kaa la moto, mnatikisa, mnamwaga majivu, mnaacha mdomo wazi. Na popo, mimi nilidhani wanaondoka ukiziba matundu ya bati mchana wakiwa wametoka. Nilikosea hapo pia: mchana popo hawatoki, wamelala ndani. Niliwaziba wote humo humo. Juma zima Ghala lilinuka, na Mwalimu Safari aliniandikia barua ya onyo kwa kalamu yake nyekundu.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Vitu vilivyokuwa kwenye chumba chetu cha maonyesho havikununuliwa hata kimoja. Tuliviomba. Mimi na Mwalimu Safari tulitembea kwa miguu Singe, Bagara, Mutuka, nyumba kwa nyumba. Yeye alikaa nje na wazee kueleza mambo ya taifa. Mimi niliingia jikoni kwa akina mama, nikamenya nao viazi, nikachambua nao maharage, na huko jikoni ndiko vitu vilikotoka. Hakuna mama anayetoa kitu cha mama yake kwa sababu ya hotuba. Anatoa kwa sababu umekaa kwenye kigoda chake na umekula chakula chake bila kukunja uso.

Bibi Emiliana alikuwa mjane wa Singe, Mgorowa, mfupi, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. Nilikwenda kwake mara tatu. Mara ya kwanza alinipa uji. Mara ya pili aliniuliza mama yangu ni nani na kwa nini Mmbulu wa Dareda anahangaika na vitu vya Wagorowa. Mara ya tatu alifungua sanduku la mbao akatoa sketi ya ngozi, laini kama kitenge kilichofuliwa mara mia, imeshonwa shanga nyekundu, nyeupe na buluu mistari kwa mistari. Mama yake ndiye aliyeianza, yeye akaimalizia. Katika ukoo wao binti anayeolewa anafungwa sketi ile na bibi yake, ndani, mbele ya wanawake tu, anapakwa samli, anatembezwa kutoka mafigani hadi mlangoni. Kisha anaivua, anavaa gauni lake, anakwenda kanisani.

"Naiazima," akasema. "Sikupi. Huyu akipata mchumba nakuja kuichukua." Aliyekuwa anamwonyesha kwa kidevu alikuwa mjukuu wake Yustina, mtoto mchanga, amefungwa mgongoni anakoroma.

"Hata iwe sikukuu, bibi," akajibu Mwalimu Safari kutoka mlangoni. "Unakuja, unachukua."

Hapo ndipo usafi wangu ulipoingia. Mimi nilifundishwa usafi na masista, na sketi ile ilinuka moshi na samli ya miaka. Ijumaa nikaiweka kwenye beseni na sabuni ya unga. Nikaifikicha, nikaisuuza, nikaianika kwenye waya juani, nikajisifu. Saa tisa alasiri nilipokwenda kuianua ilikuwa imekauka kama bati. Niliisimamisha chini ikasimama yenyewe, bila mtu ndani.

Nilitembea hadi Singe kumwambia. Bibi Emiliana alinisikiliza mpaka mwisho.

"Umeifua?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwa sabuni?"

"Ndiyo, bibi."

"Kwenu Dareda hata ng'ombe mnawafua?"

Nilidhani atachukua sketi yake na huo ungekuwa mwisho, na leo naona ingekuwa heri. Badala yake alikuja Ghalani siku saba mfululizo na kopo la samli. Alinifundisha kupasha samli viganjani, kuipaka upande wa ndani tu, kamwe si upande wa shanga, kuikunja ngozi na kuisugua kwa vifundo vya vidole kama unayefua bila maji, kuilaza kivulini, kuanza tena. Shanga zilizodondoka alizikusanya kwenye kisosi akazirudisha moja moja kwa uzi wa mshipa wa ng'ombe. "Hiyo harufu uliyoikimbia ndiyo dawa yenyewe," akaniambia. "Wadudu nao wanaikimbia." Siku ya saba ngozi ilianza kukubali, na mimi vidole vilikuwa vimechubuka. Alinipa jina la Fundi Sabuni, na kwa jina hilo aliniita miaka yote, hata mbele ya wageni. Yote ninayoyajua kuhusu kutunza vitu, nilifundishwa na mwanamke huyu asiyejua kusoma.

Wanafunzi walipoanza kuletwa kwa makundi, Mwalimu Safari akasema kila kitu lazima kiwe na kadi. "Mali bila daftari hupotea bila habari," alipenda kusema, na alipolisema alituangalia mmoja mmoja. Mimi nina mwandiko mzuri. Hilo nalo nilifundishwa na masista. Akanipa kadi ngumu na wino mweusi, nikaanza na ile sketi kwa sababu ndiyo niliyoipenda. Niliandika: Sketi ya ngozi ya Emiliana, wa Singe. Ameiazima hadi harusi ya mjukuu wake Yustina.

Akaitazama. Akatoa kalamu nyekundu.

"Mama Paulo, hapa ni kwa fundi cherehani? Mgeni anataka kujua kabila. Hatukusanyi vitu vya Emiliana, tunakusanya utamaduni. Ukiweka jina la mmoja, kesho wa pili atauliza la kwake liko wapi. Na chini andika Mali ya Kituo, visije vikaibwa."

Nikachukua kadi nyingine. Sketi ya ngozi. Vazi la bibi harusi. Kabila: Wagorowa. Mali ya Kituo. Herufi zimenyooka, hakuna doa. Nikaandika na nyingine, na nyingine, zaidi ya kadi mia, kwa miezi miwili. Bakuli la mtu aitwaye Tluway likawa bakuli la Wambulu. Fimbo ya mzee mmoja wa Mutuka, ambaye alikuwa anakuja kila gulio kuiangalia, ikawa fimbo ya mfugaji.

Mtaniuliza kama nilijua ni kosa. Nilijua kidogo, kama unavyojua chumvi imepungua na bado unapakua. Mwalimu Safari hakuwa mtu mbaya. Aliamini kabisa kwamba jina la mtu mmoja ni dogo mno kutundikwa ukutani. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi la mkuu nililisikia, na aliyevunjika guu ni mwingine.

Kisha nikafanya baya kuliko hilo. Bibi Emiliana alikuwa anakuja kila mwaka baada ya mavuno na samli yake kuipaka sketi. Siku moja akaikuta kadi imesimama mbele ya kabati. Akaigusa kwa kidole.

"Hapa wameandika nini, Fundi Sabuni?"

"Wameandika ni sketi ya bibi harusi."

"Na mimi nimeandikwa?"

Wageni walikuwa wananisubiri mlangoni, nilikuwa na haraka, na niliona aibu. Nikasema, "Umeandikwa, bibi."

Akafurahi. Kila mara alipokuja baada ya hapo alikuwa anaigusa ile kadi kwanza, kisha ndipo anafungua kopo lake. Mimi nilikuwa nasimama pembeni nimeshika ufunguo. Sikuwahi kumrekebisha, wala sikuwahi kuirekebisha kadi, na kadi tupu nilikuwa nazo bunda zima kwenye droo.

Nilijidanganya kwamba majina yote ninayo kichwani. Ni kweli nilikuwa nayo. Ungenifunga macho ungenipa kibuyu mkononi ningekwambia ni cha nani, binti wa nani, na siku ile tulipokichukua walipika nini. Lakini kichwa cha mtu si kabati la ofisi. Mwenyewe akitoka, kinatoka naye.

Baadaye ukaja mradi. Ninyi mnapenda sana miradi, nimeona neno hilo mara tano kwenye barua yenu. Mradi ulituletea mtaalamu kijana, mpole, aliyevaa glovu nyeupe kushika fimbo ambayo yule mzee wa Mutuka alikuwa anachapia ng'ombe na kukung'utia matope ya viatu. Alipiga picha kila kitu, akakipaka namba kwa rangi nyeupe, akaingiza kadi zangu kwenye kompyuta kama zilivyo. Nilimfuata siku mbili nzima. Nikamwambia, mwanangu, vitu hivi vina wenyewe, ninaweza kukutajia mmoja mmoja. Akanisikiliza kwa heshima zote. "Mama, tunaanza na kilichoandikwa," akasema. "Simulizi za mdomo ni awamu ya pili." Awamu ya pili bado naisubiri.

Mwalimu Safari alifariki, Mungu amrehemu, tukamzika kwa ngoma. Akaja msimamizi, akaja mwingine. Siku yangu ya kustaafu nililetewa orodha iliyotoka kwenye kompyuta, nisaini kwamba nimekabidhi vifaa vyote vya kituo. Niliipitia. Vifaa vilikuwepo vyote, na hakukuwa na mtu hata mmoja ndani ya karatasi zile. Nilitaka kusema subirini, leteni kalamu, nijaze majina pembeni. Lakini keki ilikuwa mezani, watu wamesimama na kitenge changu cha kuagwa, mpiga picha anatazama saa. Nikasaini. Nikapiga makofi na mimi. Nikaondoka na majina yote kama mtu aliyebeba mwavuli wa mwenzake kwapani bila kujua.

Yaliyofuata mnayajua, ni ya juzi tu. Vikundi vya ngoma viliambiwa vilipie ukumbi, vikaacha kuja. Ghala likawekwa vigae na dari ya mbwembwe, likawa ukumbi wa sherehe. Vitu vikarundikwa chumba cha nyuma, panya wakafanya yao, na vile vilivyokuwa na sura nzuri vikatolewa kuwa mapambo. Sketi ya Bibi Emiliana ilitandazwa ukutani nyuma ya viti vya maharusi, ikapigwa misumari sita, ikapakwa vanishi ili ing'ae kwenye picha. Niliiona kwenye harusi ya jirani. Sikula siku ile.

Wanasema majuto ni mjukuu. Kwangu mjukuu alikuja kwa miguu yake mwenyewe, asubuhi, na kilo ya sukari mkononi. Yustina, yule aliyekuwa anakoroma mgongoni, sasa ni mwalimu wa chekechea.

"Shikamoo Mama Paulo. Bibi amenituma. Amesema nimepata mchumba, kwa hiyo twende ukanipe sketi."

Hakusema tukaombe. Alisema twende ukanipe. Nikavaa viatu.

Msimamizi wa ukumbi alitupokea vizuri, akatukalisha, akauliza habari za wazazi. Nikamweleza yote. Aliniacha nimalize, akafungua kabati, akatoa faili, na ndani ya faili ilikuwemo kadi yangu, imegeuka rangi ya chai lakini kila herufi inasomeka.

"Mama, huu mwandiko ni wa nani?"

"Wangu."

"Nisomee hapa chini."

Nikasoma. Mali ya Kituo.

"Na hapa?"

"Kabila: Wagorowa."

"Basi mama yangu, wewe mwenyewe ndiye umeandika. Wagorowa ni wengi. Nikimpa huyu dada leo, kesho atakuja mwingine na bibi yake, nitamwambiaje? Nileteeni maandishi yoyote yenye jina la huyo bibi, hata kipande cha karatasi, mimi naing'oa mwenyewe kwa mikono yangu."

Hakuwa na jeuri. Ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa na jeuri, ningempigia kelele. Yustina akaniangalia mimi, akaiangalia kadi, akaniangalia tena. Alikuwa anangoja nitoe kitu kwenye mkoba. Mkoba wangu ulikuwa na leso na miwani.

Nilisema nitamwambia Bibi mwenyewe. Nilimkuta kwenye mkeka nje ya jiko lake, macho yameshaingia ukungu, anapukuchua mahindi kwa kupapasa. Nikamwambia wamekataa. Akauliza kwa nini. Nikasema, kwa sababu ya kadi.

"Kadi si ina jina langu?"

"Haina, bibi."

Akaendelea kupukuchua gunzi lile mpaka likaisha. Akaliweka chini.

"Aliyeiandika ni nani?"

"Ni mimi."

"Uliniambia nimeandikwa."

"Nilikudanganya, bibi."

Hakunitukana. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile sauti yake ya kuita ng'ombe, na haikuja. Alichukua gunzi jingine akaniambia, "Asante kwa kuja, Mama Paulo." Miaka yote aliniita Fundi Sabuni. Nilitoka pale nikalia njiani mchana kweupe, na mtu wa bodaboda akasimama kuniuliza kama nimefiwa.

Harusi ilifanyika hapo hapo Singe chini ya turubai. Nilialikwa, sikunyimwa kadi. Wanawake walipoitwa ndani kumfunga binti, nilibaki nje na sahani yangu. Waliokuwemo wamenisimulia kwamba Bibi Emiliana alileta kopo la samli, akalifungua, akapapasa kiuno cha mjukuu wake akakuta khanga, akampaka samli mikononi tu. Kisha akamtembeza kutoka mafigani hadi mlangoni.

Basi andikeni majina. Andikeni la mwenye kitu, na binti wa nani, na kitongoji, na amekiazima hadi lini, nakala mbili, na moja akae nayo yeye ndani ya sanduku lake hata kama hajui kusoma, maana wajukuu zake wanajua. Msomeeni kwa sauti mlichoandika. Kama hakuna nafasi kwenye kadi, punguzeni kabila. Mkishindwa hilo, fungeni chumba chenu mcheze muziki wa spika.

Barua yenu ina ombi la pili mwishoni, mmelificha chini ya saini kama mtoto anayeomba hela ya soda. Mnasema mmesikia kwamba ninazijua nyumba za Singe na Mutuka ambako vitu vya zamani bado vipo, na mngependa niwatangulie, "kwa kuwa akina mama wazee wanakuamini." Miguu ninayo, hilo lisiwasumbue. Nitawaeleza kwa nini siji.

Bibi Emiliana alifariki mwaka jana baada ya masika. Nilipopata habari nilifanya kama anavyofanya mwanamke yeyote wa hapa. Nilifunga khanga mbili, nikachukua kisu changu cha jikoni na unga kidogo, nikaenda msibani kusaidia. Nyuma ya nyumba akina mama walikuwa wamekaa wamezunguka karai, wanamenya viazi na ndizi, na wote nilikuwa nawajua. Kwao ndiko nilikoombea vibuyu na vigoda, jikoni kwao. Nikasalimia, nikavuta khanga nikae chini. Yustina akainuka haraka, akanipokea unga kwa mikono miwili, akachukua na kisu changu.

"Hapana, Mama Paulo, usijisumbue," akasema kwa upole kabisa. "Wewe ni mgeni wetu. Njoo ukae mbele."

Akina mama wakasogeana kidogo, pengo langu likazibika, wakaendelea kumenya. Yustina akanipeleka chini ya turubai, akanifutia kiti cha plastiki kwa upindo wa khanga yake, akaniketisha kwenye mstari wa viongozi, kati ya diwani na yule msimamizi wa ukumbi. Kisha akaniletea soda juu ya sinia.